Kishale cha Kijani

Jumatatu, saa mbili na robo, maktaba ya Chang'ombe,
wasomaji bado hawajafunguliwa mlango.
Tumebanana wanane kwenye meza ya watoto,
maana ndiyo pekee iliyo karibu na soketi,
magoti yanakaribia videvu,
na wawili kati yetu tumebakiza mwaka tustaafu.

Mwalimu ni Elipokea. Ana miaka ishirini na minne.
Yeye hubofya kama anayesukuma mlango uliorudishiwa;
sisi twabofya kama tunaobisha hodi
kwa mtu anayetudai.

Nywila, anasema, isiwe jina la mtoto.
Ngwembe ananong'ona: basi nitaikumbukaje?
Iwe na herufi kubwa, tarakimu, na alama ya mshangao.
Mshangao tulikuja nao kutoka nyumbani.

Kisha akafungua ukurasa mmoja
akatugawia wote kwa mpigo.
Hapo nikaiacha chai yangu ipoe.
Weupe mtupu, na juu yake vishale,
kila kimoja na rangi yake, na jina mgongoni:
cha Ngwembe, zambarau, kimekwama ukingoni,
cha Tumsifu kinarukaruka kama panzi,
na kimoja cha kijani, mwenyewe simjui.
"Huyo yuko tawi la Mbagala," Elipokea akasema.
"Naye anajifunza. Na mjue,
hata mkifuta, ukurasa unakumbuka."

Nikaandika "Hbari za huko".
Kabla sijakiona kitufe cha kurudi nyuma
ile a ikajipenyeza yenyewe mahali pake.
Mtu wa Mbagala. Kanisahihisha bila kuniaibisha,
kama mpita njia anayekuondolea uzi begani
akaendelea na safari yake.

Miaka thelathini na mmoja nimeandika kadi.
Droo sitini, wino mweusi.
Ukikosea, unachukua kadi mpya,
kosa lako unalitia mfukoni.
Hakuna aliyewahi kuniona nikiandika.
Waliona kilichokwisha kuandikwa.

Zoezi la mwisho: andikeni swali la msomaji
lililowahi kuwashinda.
Kijani kikatangulia, herufi moja moja:
"Kuna mama huja kila mwezi. Anataka kitabu
cha ufugaji wa nyuki. Jalada jekundu. Jina halijui.
Marehemu mumewe alikuwa akimsomea.
Ukurasa wa mwisho mwanao alichora mzinga, kwa penseli."

Tumsifu akatafuta "nyuki": vitabu vinne, chekundu hakuna.
Ngwembe akatafuta "mzinga", tukaletewa historia ya vita.
Elipokea akatufundisha kuchuja, kwa mwaka, kwa lugha.
Feni inazunguka. Mimi mikono mapajani,
kwa kuwa kitabu hicho nakijua.

Kipo Tandika, chumbani kwangu, juu ya kabati,
chini ya boksi la cherehani.
Nilikibeba mwaka ule wa mafuriko
nikisema nitafuga nyuki nikistaafu.
Kadi yake niliiandika mimi, nikaichomoa mimi.
Ule mzinga nimeutazama usiku mwingi,
una mlango mkubwa kuliko wenyewe,
na nyuki mmoja tu, anacheka.
Sikuwahi kujiuliza ni wa mtoto wa nani.

Nikaandika "Nadhani". Nikafuta.
Nikaandika "Huenda kilipotea". Nikafuta.
Safari hii mfuko haupo,
na vishale vyote vimesimama
kama watu waliosikia sahani ikivunjika chumba cha pili.

Nikaandika:
"Ninacho mimi. Siwatu, Chang'ombe.
Nitakileta Alhamisi, na faini yake"

Ngwembe akakohoa. Elipokea akatazama dirishani.
Kijani kikaja taratibu hadi mwisho wa mstari wangu,
kikasimama hapo, kikipepesa,
kikaweka nukta niliyoisahau.