Dirisha la Saba

Treni ya Samarkandi hupita Yangiqir saa tatu na dakika kumi na saba.
Haisimami. Siku hizi neno "kituo" kwetu ni la heshima tu,
kama mstaafu anavyoitwa bado "mwalimu".

Riziki yangu ni harusi.
Bibi arusi ukimwambia inua kidevu, huinua.
Treni haina masikio.

Siku ya kwanza nilisahau kuwa kamera bado iko ukumbini:
aiso juu, tundu wazi, shata sehemu moja ya themanini.
Nikapata weupe mtupu, na ndani yake mstari wa buluu,
ubao uliofutwa kwa kiganja chenye jasho.

Nikarudi na hasira.
Sehemu moja ya elfu mbili. Aiso mia nane. Tundu tano nukta sita.
Fokasi nikaifunga mapema kwenye nguzo ya nne,
maana ikishafika hapo hakuna kutafuta.
Reli zilinong'ona kabla sijaona kitu,
kisha upepo, kisha tatatata, picha kumi na mbili,
kali zote: parafujo zinahesabika,
nzi aliyekufa kwenye kioo cha dereva, naye anahesabika.

Kaka yangu Shuhrat, fundi wa karakana ya Toshkent,
alitazama, akanirudishia simu.
"Hii imeegeshwa. Inasubiri oili."
Nikaapa ilikuwa inakimbia kilomita mia mbili kwa saa.
"Wewe apa," akasema, "mimi natazama picha."

Nikajua basi: sekunde ukiikata vipande vidogo mno
mwendo hudondoka katikati yake,
chenji katika mfuko uliotoboka.

Nikashuka hadi sitini.
Miguu wazi, viwiko mbavuni, kiuno kizunguke
kama unayemsindikiza mgeni kwa macho,
na ukishabonyeza usisimame, endelea kumsindikiza.
Treni moja kwa siku, sekunde sita.
Wiki tatu nilivuna mipopla iliyolala kama mvua
na pua ya treni, mara iko, mara haiko.

Muda wote huo mama yupo nyuma yangu na matikiti yake.
Mteja wake ni treni ya polepole ya saa kumi,
lakini hufika asubuhi, hupanga, hungoja hii ya haraka,
na inapopita hushika ushungi kwa mkono mmoja,
kwa mwingine huinua tikiti.
Kwa nani, mama?
Hajibu. Saodat binti Ergash hajibu maswali ya kijinga.

Nikamgeuzia lenzi yeye.
Kamera juu ya miguu mitatu, kioo cheusi mbele,
aiso mia, tundu kumi na sita, sehemu moja ya kumi na tano.
"Usitikisike," nikamwambia.
"Nimesimama hapa miaka kumi na mitatu," akasema.

Ikatoka: treni ni maziwa yanayomwagika,
mama amesimama mbele yake, kila kunyanzi mahali pake,
tikiti juu, pindo la ushungi tu limekwenda.
Shuhrat alinyamaza mpaka chai ikapoa.
"Hii inakwenda," akasema.

Mama akaivuta kwa vidole viwili, akaikuza,
akapekua maziwa yale kutoka mwanzo hadi mwisho.
"Watu wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamfungulia zile nilizozionea aibu,
zile kumi na mbili za gereji.
Ya tisa, dirisha la saba:
mtoto, paji la uso limebanwa kiooni,
mdomo wazi, jicho liko kulia na chini,
pale hasa linapoinuliwa tikiti.

Mama alikaa juu ya ndoo.
"Kumbe ilisimama," akasema.

Akataka nimchapie hiyo, kubwa,
na nimwondolee yule nzi.