Kiini, Macho

Adapta yenyewe ni ndogo, nyeusi,
ukubwa wa kipande cha sabuni mwisho wa mwezi,
ina jicho moja la zambarau iliyoungua,
lisilopepesa.
Kiwanda chake kilishafungwa.
Vambola aliniletea ndani ya soksi.
"Leida, huyu ndiye mkalimani pekee.
Kipimamaji changu hakina waya wala tundu,
kinasema kwa mwanga, na mwanga wenyewe hauonekani.
Betri ina wiki tatu."
Akakung'uta theluji ya kofia juu ya zulia langu,
akaondoka kabla sijakataa.

Tartu, Februari. Nikafungua kiini cha mfumo.
Wasiokijua hudhani ni kama kiini cha yai,
laini, cha manjano, kimetulia katikati.
Thubutu. Ni zamu ya usiku hospitalini:
kila mlango unagongwa, kila anayegonga ana haraka,
na mmoja akijikwaa jengo zima linazima taa.

Kuiamsha adapta, unainua waya wa kwanza. Unangoja.
Unashusha wa pili kwa mikrosekunde saba,
unauinua: mwendo unapanda ngazi moja.
Saba. Nilijaribu tano, ikawa bubu.
Nilijaribu ishirini, ikarudi mwanzo
kama mtoto aliyekatizwa akihesabu.

Na humo ndani kuna mwiko:
usilale ukiwa umeshika kufuli.
Nikalala.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne,
niliomba usingizi wa milisekunde hamsini tu,
kufuli mkononi.
Skrini ikamwaga herufi nyeupe, kisha kimya.
Nikawasha upya. Mara kumi na saba usiku ule
niliwasha upya, na kila mara feni ilivuta pumzi
kama mtu anayejiandaa kunigombeza.

Wiki ya pili ikaanza kujibu.
Nikatuma: UPO?
Ikaja: UPO?
Nikatuma jina langu, likarudi jina langu,
herufi kwa herufi, bila kovu.
Nilicheza jikoni saa tisa usiku,
nikampigia Vambola simu: inasema!
Kulipokucha nikakiona kipimamaji
bado kimo sandukuni, kimeviringishwa taulo.
Adapta ilikuwa ikijisikia yenyewe,
mwali wake ukigonga birika na kurudi.
Kiini, macho. Kiinimacho.
Niliwahi kuolewa na mtu wa namna hiyo.

Dawa yake ilikuwa adabu:
ukisema, ziba sikio;
ukimaliza, ngoja milisekunde kumi
jicho lipoe mng'ao wake;
ndipo usikilize.
Mistari sita. Siku kumi na mbili, mistari sita.

Likabaki jua. Mchana, lilipopiga kwenye theluji,
lilijaza bafa takataka.
Nikatundika blanketi dirishani.
Mama Õnnela wa ghorofa ya chini akaniletea supu,
akidhani nimefiwa. Nikainywa. Sikumsahihisha.

Siku ya kumi na tisa, gizani, zikaja namba.
Vambola alikuwa ameketi na koti lake, kahawa imepoa.
Joto la maji chini ya barafu, kila nusu saa:
sufuri nukta moja.
Sufuri nukta moja.
Sufuri nukta moja.
Kurasa na kurasa. Mto Emajõgi
ulikuwa na neno moja, na umelirudia tangu Desemba.
Nikatafuta namna ya kumpa pole.

Lakini kidole chake kilikuwa kinashuka polepole,
kikasimama.
"Hapa. Tarehe nane Januari, saa kumi alfajiri.
Sufuri nukta mbili."
Saa nzima. Kisha moja tena, hadi mwisho.
"Ni nini?" nikauliza.
"Sijui," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni alilokwisha lisamehe.
Akaomba kalamu.

Alipoondoka nikarudi kwenye msimbo,
juu ya ule mstari wa waya wa pili,
nikaacha maelezo kwa yeyote atakayefuata:
saba. Nami sijui kwa nini.