Athari Moja ya Maji

Ibra, Jumatano. Soko la wanawake limeshafungwa,
nami niko darini kwa mjomba Muhanna
na daftari la falaji lililotafunwa pembe na mchwa,
kompyuta ikihema juu ya mto wa pamba.

Kazi yangu ni sentensi fupi.
Kiima, kitenzi, yambwa, basi:
Shamba lile hunyweshwa na mfereji huu.
Mfereji huu huanzia chini ya jabali lile.
Kila kitu nakipa namba, kila namba naifunga uzi,
na ncha ya uzi naiacha nje ya mlango
avute apendaye, hata asiyenijua,
bila kubisha hodi, bila kutoa baisa.

Huku zamu ya maji, nusu saa, huiita athari.
Bibi aliposhuka Maskati kutoka Unguja alicheka:
kwetu athari ni kile kinachobaki
maji yakishapita.

Juzi nimeunganisha mlango wa mtaa wa juu
na mlango wa Tabora:
ua lilelile la petali kumi na moja, mkono uleule wa patasi.
Mwalimu Lugendo wa huko ameweka picha yake,
tukaandikiana hadi saa nane usiku
kama mashemeji.

Kisha ukurasa wa arubaini na moja:
*Athari moja, usiku wa Alhamisi,
kwa mjakazi, maadamu yu hai.*
Jina hakuna.
Mashine haikushtuka. Ilichora duara tupu,
ikaning'iniza uzi mmoja, ikangoja.

Nimemfuata Bi Shinuna jikoni,
anageuza vitumbua kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo.
"Huyo Tufaha," akasema, hakuinua macho.
"Jina la kupewa, kama shuka.
La kwao alilitaja siku ya homa tu: Nyamizi.
Andika, lakini jitenge na mafuta."

Nimeandika. Chanzo: Bi Shinuna, jikoni.

Mjomba akapanda ngazi, akasoma, akavua miwani.
"Futa. Jina la ukoo liko hapo hapo, mstari wa juu yake."
"Mjomba, hii ni data huria."
"Huria kwa nani?"
Kahawa ilipoa. Jibu sikuwa nalo,
ila sikufuta.

Magharibi Lugendo ametuma orodha ya msafara:
*Nyamizi, msichana, miaka tisa, Unyanyembe.*
Na mashine, mshenga asiye na haya, ikauliza:
Ni yuleyule? Ndiyo. Hapana.
Kwani Unyanyembe ilizaa Nyamizi mmoja?
Nimetafuta kitufe cha *huenda*
juu, chini, kwenye lugha zote tatu.
Hakipo. Kidole changu kimekaa hewani,
nikawaacha wawili, kila mmoja na namba yake,
jirani, hawajaamkiana.

Sasa giza limeingia, kwa hesabu yetu
huu ndio usiku wa Alhamisi.
Chini bustanini Mbangali wa mjomba
anavuta tambara kwenye tundu la mfereji,
na maji yanakuja kwa minong'ono,
nusu saa ileile, kwenye mitende ileile.
Miaka sita anafungua na kufunga,
na daftari la mjomba linamwandika *mfanyakazi*.

Nimefungua mstari mpya.
Nimeshuka na tochi, miguu ndani ya maji,
kumwuliza jina,
na kama ni la kupewa
au la kwao.