Kufuma na Kufumua

Kijana wa Tirana ana tarakilishi na raba nyeupe.
Anauliza klabu ilizaliwa mwaka gani,
maana anachora nembo mpya, na chini yake pana nafasi ya tarehe.
Nampa kiti. Nampa kahawa.
Navuta kasha la mama mkwe kutoka uvunguni.

Shika hii. Sufu nyekundu, imeliwa na nondo.
Dila aliifuma kwa uzi wa pazia
wachimba shaba walipocheza na mapadri
pale walipokuwa wakianika mahindi.
Tai mweusi, vichwa viwili. Kimoja kimepinda:
mtoto alilia, akaacha kushona.
Tarehe hakuna aliyeandika.
Alikumbuka tu kwamba theluji mwaka ule ilichelewa.

Waitaliano wakaja na jina lao, refu, tamu mdomoni.
Dila alilishona kwa mishono mirefu, kusudi,
ili siku yake ikifika litoke kwa mvuto mmoja.
Likatoka.

Kisha Chama kikasema: mtaitwa Kazi.
Nilikuwa bibi arusi, nikakabidhiwa sindano,
jezi kumi na mbili, tai kumi na mbili wa kufumua.
Lakini uzi ukiondoka, tundu halifuati.
Mawinga wetu walikimbia na nyundo kifuani,
na jua likiwapiga kwa ubavu
ulimwona tai chini yake, wa vitundu vitupu.
Katibu wa Chama alikaa jukwaa la kivulini. Hakuona.

Mwaka makanisa yalipofungwa
(la kwetu liliwekwa saruji)
tulipata penalti, dakika ya themanini na nane,
na wapinzani ni timu ya jeshi.
Mhill akarudi nyuma hatua nne,
akafumua shuti, nyavu zikajaa,
na mkono wake ukapanda wenyewe:
paji, kifua, bega, bega.

Watu elfu mbili. Nilisikia mbwa akibweka ng'ambo ya mto.

Jumatatu jina lake halikuwa ubaoni.
Gazeti liliandika tumeshinda moja bila;
halikuandika nani alifunga.
Kwenye picha ya timu wamesimama kumi,
na katikati yao pengo, pana kama mlango.
Namba tisa sikumpa mtu. Nilisema imeliwa na panya.
Ndiyo hii. Usiikunje.

Halafu mwaka wa meli. Mechi ya ugenini, Durrës.
Waliondoka kumi na sita,
basi likarudi na dereva, kocha, na mfuko wa mipira.
Ndue wangu, golikipa, alipanda melini na glavu mkononi.
Sasa anapaka rangi nyumba za watu huko Bari.
Jezi aliirudisha kwa posta baada ya miaka minne,
imefuliwa kwa sabuni yenye harufu ya limau.
Niliinusa wiki nzima kabla ya kuitia majini.

Fedha za klabu? Muulize Pashk, mweka hazina,
ukimpata akiwa hajalewa.
Weka moja, walimwambia, utachukua tatu.
Aliweka zote, pamoja na mahari ya bintiye.
Zilipoyeyuka, watu walivunja ghala la bunduki,
na nguzo za goli ziliuzwa kwa kilo, vyuma chakavu.
Msimu ule goli letu lilikuwa mawe mawili na ubishi:
imepita ndani, imepita juu, apa kwa mama yako.

Kijana amekunywa kahawa mpaka machicha.
«Bibi, basi niandike mwaka gani?»

Mwanangu, Jumapili tunacheza daraja la tatu,
beki wa kushoto amechana bega la jezi,
na macho yangu tangu Krismasi hayaoni tundu la sindano.
Lamba ncha ya uzi. Hapana, hiyo nyeusi.
Pitisha.

Mara ya nne anapitisha.