Aliye Juu

Dolní Sazová, Moravia, mwezi wa pili, saa kumi jioni,
na dirisha limekwisha geuka kioo cha kujitazamia:
Libuše Kotrbová anajiona humo
akila mkate mweusi na siagi juu ya kibodi.
Maonyesho ya kumbukumbu ni Jumatatu.

Kwenye skrini, pau kumi na moja.
Pau, jina la kile kishikacho paa,
lakini hizi zimesimama wima na hazishiki kitu.
Kila upau ni shimo la makaa lililofungwa,
kila rangi ni namna moja ya kuondoka:
kijivu waliostaafu, buluu waliopata kazi kwingine,
manjano waliofukiwa au kuungua,
na juu kabisa, kama kofia ya sufu,
utepe mwembamba wa zambarau: vumbi la mapafu.

Programu, isiyomjua mtu, imepanga kwa alfabeti.
Anežka kwanza, kisha Dorota, Kunhuta, Otýlie
(mashimo yalibatizwa majina ya wake wa wenye mali),
na Zdislava mkiani, mfupi, kama mtoto
aliyeambiwa asimame pembeni asiharibu picha.

Akabofya. Panga kwa jumla, kubwa hadi ndogo.
Pau zikakimbia, zikapishana kama watu
waliosikia treni ya mwisho imebadilisha jukwaa,
kisha zikatulia, ngazi safi ya kushuka,
Kunhuta kileleni na elfu zake sita.
Zdislava mkiani, bado.
Mhandisi Vavruška akapita na kikombe chake.
"Hiyo," akasema. "Hiyo inapendeza. Iache."
Akaenda zake kutafuta sukari.

Inapendeza, kweli.
Lakini jumla huhesabu vichwa,
haiulizi vimeondokaje.

Akakodolea macho zambarau.
Upi mnene, wa Kunhuta au wa Zdislava?
Jicho likakataa kusema. Mmoja umeketi
juu ya mabega ya watu elfu tano,
mwingine juu ya mia mbili na kidogo;
utapimaje vimo vya watu wawili,
mmoja kapanda roshani, mwingine kapanda kigoda?
Katika rundo, rangi moja tu ina sakafu,
ile ya chini. Nyingine zote zaelea,
zimesimama juu ya habari za wengine.

Kwetu husemwa: aliye juu, mngoje chini.
Libuše hakungoja.
Aliishika zambarau kwa kipanya,
akaiburuta, ikapita manjano, ikapita buluu,
ikapita kijivu cha wazee waliozawadiwa saa za ukutani,
akaiketisha kwenye sifuri.
Akaziambia pau zote ziwe kimo kimoja, mia kwa mia.
Kisha: panga kwa hii.

Safari hii hazikukimbia. Au zilikimbia
na yeye ndiye aliyefumba macho.
Alipofumbua, Zdislava alikuwa wa kwanza.
Theluthi nzima ya upau, zambarau.
Kunhuta ameteremka hadi wa nane.

Baba yake alikuwa Zdislava, zamu ya usiku,
miaka kumi na minne. Alikohoa kwa adabu,
akigeukia ukuta, ili redio isikike.
Hapa yeye ni nukta, pengine hata nukta hajafika;
amefungwa pamoja na wenzake
nyuma ya alama moja ya desimali.

Vavruška akarudi na sukari.
Akasimama. Akakoroga kwa muda mrefu
kuliko sukari inavyotaka.
"Nambari ni zilezile?"
"Zilezile. Sikuongeza hata mtu mmoja."
"Basi kwa nini sasa," akaanza,
kisha akalitazama lile jina, na kikombe, na jina tena,
akaondoka bila kusema iache wala iondoe.

Libuše akahifadhi. Jina la faili: mpangilio wa pili.
Akapangusa makombo ya mkate kwenye kibodi,
na mahali palipongoja kichwa cha ripoti
zikajiandika zenyewe, herufi ndogo,
z z z