Kisanduku cha Tatu

Maombi yanafungwa Ijumaa, saa sita usiku.
Fomu nimeifungua tangu Jumatatu, hapa Nkuhungu,
feni ikizungusha joto lile lile,
vumbi la Septemba likiandika kwenye kioo cha simu
kabla yangu.

Usimamizi wa miradi:
Injinia Mbeleje anasema huko ndiko kwenye gari na dereva.
Miundo: ghorofa za Mtumba zinaota kila wiki,
na hesabu za nondo nazipiga hata usingizini.
Cha tatu, haidrolojia. Ada yake
mishahara yangu mitano, na mwenye nyumba hana subira.

Miaka mitatu nimevunja vipande vya zege maabara,
siku ya saba, siku ya ishirini na nane,
nikijaza namba, nikigonga muhuri.
Nilidhani huo ndio uhandisi.

Kisha ile mvua ya Januari, njia ya Mvumi.
Kalavati langu la kwanza halikupata ufa hata wa unywele.
Korongo lililipita pembeni,
likabeba barabara, likabeba uwele wa mama Chiloleti,
likaliacha limesimama peke yake
kama mlango usio na nyumba.

Mama Chiloleti hakuniuliza habari za zege.
Aliuliza uwele wake utalipwa na nani.
Nikakunjua michoro juu ya boneti.
Kila nondo ilikuwepo.
Maji hayakuwepo.

Nabonyeza cha tatu.
Mtandao unazunguka, unazunguka, unakata.

Nabonyeza tena.