Mafungu ya Kumi na Sita

Kazi yangu ni kuwinda makosa.
Kalamu nyekundu, feni bovu, chai ya tangawizi iliyokwisha poa,
na riwaya za mapenzi, tatu kwa mwezi,
katika kiwanda kidogo cha uchapaji, Chang'ombe,
ambako harufu ya wino na ya sabuni ya jirani
zimeoana siku nyingi bila cheti.

Humu kurasani kila mtu ameumia.
Salha ana kovu la mafuta ya moto shingoni,
kitenge hakimtoki, hata Februari.
Daktari Gervas kazika mke. Hali, halali,
anawafokea wauguzi. Sina wasiwasi naye:
sura ya nne watagombana kwenye foleni ya dawa,
sura ya saba mafuriko ya Jangwani yatawafungia ng'ambo moja,
na kabla ya ukurasa wa mia na tisini na mbili
atalipapasa lile kovu taratibu,
kama mtu anayesoma gizani.

Kwa nini mia na tisini na mbili?
Nilimuuliza Anyelwisye wa mashine ya kukata.
Akatwaa karatasi kubwa, akaikunja mbele yangu
mara moja, mara mbili, mara tatu.
"Kurasa huzaliwa kumi na sita, kumi na sita.
Mafungu kumi na mawili ndiyo bei ya watu.
Moyo ukichelewa kupona, fungu linaongezeka,
bosi ananuna."

Kumbe. Hata msamaha una bajeti.
Wangu haukuenea.
Miaka kumi na mmoja Tabata, na siku aliyohama
mwenzangu alibeba hadi mapazia,
akaniachia vikulabu ukutani,
safu ya koma bila sentensi.

Nasahihisha. "Alimpeda": naongeza n.
"Moyo ulipoma": natoa m, naweka n, umepona.
Ingekuwa rahisi hivyo ningeshakuwa tajiri.
Juzi nikakuta "nimekusahau"
mahali ambapo, kwa mkondo wa mambo,
palitakiwa "nimekusamehe".
Nikabaki na kalamu hewani
mpaka umeme ukakatika.

Mashine zikanyamaza. Mtaa mzima ukaguna.
Anyelwisye akaja na chapati mbili juu ya karatasi iliyoharibika,
kaishika kwa mkono wa kushoto, ule wa vidole vitatu.
Miaka minne sijamuuliza. Akajisemea mwenyewe:
"Viwili viliondoka na fungu la tano la kitabu fulani cha harusi.
Nakala moja ilitoka na doa. Ikauzwa hivyohivyo Kariakoo.
Huwa nawaza, nani anayo?"
Nikacheka, nikaona haya, nikaomba radhi,
naye akacheka zaidi yangu.

Msomaji, usikae mkao wa kula.
Hakunishika mkono. Hatukunyeshewa.
Ana mabinti wawili na mkopo wa saccos,
mimi nina presha na ulimi wa pilipili kichaa.
Alichofanya ni kufunua kitabu cha mfano kwa tochi ya simu:
mapenzi yaliishia mia na themanini na nane,
nyuma yake kurasa nne, nyeupe pe.

"Na hizi?"
"Hesabu tu. Zimebaki."
"Si mzikate?"
"Ukizikata, za mwanzo zinachomoka. Karatasi ni moja."

Akarudi kwenye mashine yake, anapiga mluzi vibaya.

Taa zilipowaka nililitazama tena lile neno.
Sikulifuta. Pembeni, kwa herufi ndogo,
nikamwandikia mwandishi:
*Tafadhali hakikisha. Ni lipi kati ya haya mawili?*
Halafu nikakaa kama ninayesubiri jibu.

Chapati ya pili ilikuwa bado ina joto.
Nikaila kwa mkono uleule wa kalamu,
mafuta yakagusa ukurasa.
Sikupangusa.